Mtoto anayumba kwenye baiskeli? Pima mkono wa pedali kabla ya kumlaumu

Saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda, barabara za vumbi zinazoingia Tinde, Didia na Maganzo mkoani Shinyanga huwa tayari zina watu. Wapo wanaopeleka maziwa mjini, wapo wanaowahi mnadani, na wapo wanafunzi wenye sare, begi mgongoni na dumu tupu limefungwa kwenye keria. Wengi wao wako juu ya baiskeli.

Ukitazama kwa makini utamtambua mtoto aliyepewa baiskeli isiyomfaa. Hakai katikati ya siti. Kila pedali inaposhuka, kiuno chake kinaangukia upande huo, kisha upande wa pili, na vidole vya mguu vinaikimbiza pedali kwenda chini. Pedali inapopanda, goti nalo linapanda hadi karibu na tumbo. Akikutana na kilima kidogo anashuka na kusukuma, huku mwenzake wa rika lile lile akimpita.

Nyumbani ataambiwa ni mvivu au hajazoea. Mara nyingi kosa si lake. Liko kwenye kipande cha chuma kinachokaribia urefu wa kiganja cha mtu mzima, ambacho wazazi wengi hawajawahi kukipima: mkono wa pedali.

Baiskeli moja, kazi nyingi

Katika Shinyanga na Geita baiskeli haikuwahi kuwa mchezo wa watoto. Imebeba pamba kupeleka kwenye vituo vya ununuzi, inabeba maji, inabeba mahindi kwenda mashineni, na kabla ya bodaboda kuenea ilibeba hata abiria. Kaya nyingi zina baiskeli moja tu, na kila mwenye miguu anaitegemea.

Kwa mwanafunzi, baiskeli hiyo ndiyo inayoamua kama atafika darasani akiwa na nguvu ya kusoma. Shule za sekondari za kata zimesogeza masomo karibu na wananchi, lakini vijiji vya Usukumani vimetawanyika, na bado wapo watoto wanaotembea mwendo mrefu kila siku. Kwa familia zinazoishi kwa uchimbaji mdogo wa dhahabu kuzunguka Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa mkoani Geita, kuna jambo jingine: wazazi huhama kufuata kazi, na shule inabaki ilipo.

Kwa mtoto wa kike umbali huo ni mzito zaidi. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Shinyanga walikuwa wameshazaa au walikuwa na ujauzito, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 27. Baiskeli peke yake haimalizi tatizo hilo. Lakini binti mwenye usafiri wake hana haja ya kuomba lifti ya pikipiki kwa mtu mzima asiyemfahamu.

Tatizo ni kwamba baiskeli inayomuumiza hatadumu nayo. Ataiacha nyumbani baada ya wiki chache, atarudi kutembea, na lifti itakuwa ikimsubiri barabarani. Ndiyo maana vipimo vya baiskeli ni suala la mzazi, si la fundi pekee.

Chuma kinachosahaulika

Mkono wa pedali ni kile chuma kinachotoka katikati ya baiskeli, penye gia kubwa ya mbele, hadi kwenye pedali. Iko miwili, wa kulia na wa kushoto. Urefu wake hupimwa kuanzia katikati ya ekseli hadi katikati ya tundu linaloshika pedali.

Kwenye baiskeli nyingi za watu wazima, ikiwamo zile kubwa za inchi 28 zilizozoeleka Kanda ya Ziwa, mkono huo huwa na milimita 165 hadi 170, yaani kama sentimita 17. Mguu unapozunguka hupanda na kushuka mara mbili ya urefu huo. Kwa mkono wa sentimita 17, kila mzunguko mguu husafiri sentimita 34 kutoka juu hadi chini.

Kwa mtu mzima mwenye kimo cha sentimita 170 hiyo ni safari ya kawaida. Mwekee mwendo huo huo mtoto wa darasa la tano mwenye kimo cha sentimita 135. Mguu wake ni mfupi, lakini duara analotakiwa kulizungusha ni la baba yake. Pedali ikiwa chini haifikii bila kuyumbisha kiuno. Ikiwa juu, goti lake limekunjwa kupita kiasi, na hapo ndipo anapotakiwa kusukuma kwa nguvu zaidi.

Wazazi wengi wakiona hivyo hushusha siti hadi mwisho. Kushusha siti kunamsaidia mtoto kuifikia pedali ya chini, lakini kunalikunja goti zaidi pedali inapokuwa juu. Mkono mfupi hutibu pande zote mbili. Ukitoka sentimita 17 kwenda 15, pedali ya chini inamsogelea mtoto kwa sentimita 2 na ya juu inashuka kwa sentimita 2.

Gawa kimo kwa 10

Huhitaji mashine kujua mkono unaomfaa mtoto. Msimamishe bila viatu, visigino vikigusa ukuta, weka kitabu kichwani kikiwa sawasawa, tia alama ukutani, kisha pima kwa futi ya fundi cherehani. Kimo hicho kigawe kwa 10. Jibu ndilo urefu wa mkono wa kuanzia kuutafuta.

Mtoto wa sentimita 120 anahitaji mkono wa sentimita 12 hivi. Wa sentimita 140, mkono wa 14. Binti wa kidato cha kwanza mwenye sentimita 150, mkono wa 15. Mtu mzima wa sentimita 170 ndiye anayefaa mkono wa 17 uliopo kwenye baiskeli nyingi dukani.

Hesabu hiyo ni mwongozo, si amri. Tofauti ya nusu sentimita haina haja ya kumtoa mzazi usingizini. Watoto wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na miguu ya urefu tofauti, na mwenye miguu mifupi apewe mkono mfupi kidogo. Kinachotakiwa kuepukwa ni tofauti ya sentimita mbili, tatu au nne, ambayo ndiyo hutokea mtoto anapokabidhiwa baiskeli ya mtu mzima.

Je, mkono mfupi unapunguza nguvu?

Hili ndilo swali la kwanza la akina baba, na lina msingi wake. Mkono wa pedali ni kama mpini wa spana: mrefu hufungua nati kwa urahisi, mfupi hudai nguvu zaidi. Kwa sababu hiyo wengi huamini kuwa mkono mrefu ndio wenye nguvu, hasa baiskeli ikibeba dumu la lita 20 au gunia.

Lakini mguu wa binadamu si mpini wa chuma. Una goti na nyonga, na vikikunjwa sana misuli hushindwa kusukuma vizuri. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, James Martin na Waneen Spirduso, walitoa matokeo ya jaribio lao kwa waendesha baiskeli 16 waliotumia mikono ya urefu wa aina tano, kuanzia milimita 120 hadi 220. Pamoja na tofauti hiyo kubwa ya sentimita 10, nguvu ya juu kabisa waliyoitoa ilitofautiana kwa takriban asilimia 4 tu. Walifanya vizuri zaidi kwenye mikono ya milimita 145 na 170, si kwenye ile mirefu kabisa.

Hata mabingwa wamesogea upande huo. Tadej Pogačar wa Slovenia, mwenye kimo cha sentimita 176, aliendesha kwa mikono ya milimita 165 mwaka 2024, mwaka alioshinda Giro d'Italia, Tour de France na ubingwa wa dunia. Kama bingwa wa dunia anatosheka na sentimita 16 na nusu, mtoto wa sentimita 140 hana sababu ya kusumbuka na 17.

Upungufu wa mkono mfupi hurekebishwa kwenye gia. Baiskeli isiyo na gia za kubadilisha hutegemea meno ya gia ya mbele na ya friwili nyuma. Ukipunguza mkono kutoka milimita 170 hadi 150 pedali itakuwa nzito kwa takriban asilimia 13. Fundi akitoa friwili ya meno 18 na kuweka ya 20, sehemu kubwa ya uzito huo inaondoka. Mtoto atazungusha miguu kwa haraka kidogo, lakini bila kukamia. Shinyanga, ambako ardhi kwa sehemu kubwa ni tambarare, mabadiliko hayo hayatamchelewesha sana. Geita, penye vilima, atayashukuru kila siku.

Kuna faida nyingine kwenye njia mbovu. Mkono mfupi hauishuki ardhi sana, hivyo pedali haigongi mawe na kingo za makorongo ovyo. Mtoto anapokata kona, kugonga huko kunatosha kumwangusha.

Baiskeli ya familia ifuate nani?

Katika nyumba yenye baiskeli moja, baba ana sentimita 175, mama 158, na mtoto 145. Siti inaweza kupandishwa na kushushwa kila asubuhi kwa spana. Mkono wa pedali hauwezi. Sasa ufuate kimo cha nani?

Jibu linatokana na yale yaliyotangulia: mtu mrefu anaweza kuzoea mkono mfupi kwa kupandisha siti, lakini mtu mfupi hawezi kuzoea mkono mrefu kwa kuishusha. Kwa hiyo pima kwa yule mfupi anayekwenda mbali. Kama mtoto ndiye anayekwenda shule kila siku na baba huitumia Jumapili tu, mkono wa sentimita 15 au 15 na nusu utawafaa wote. Mama naye, ambaye mara nyingi hubeba mizigo kwa baiskeli iliyonunuliwa kwa kipimo cha mumewe, atapata nafuu bila hata kuiomba.

Hoja ya "atakua tu"

Mzazi anayenunua baiskeli kubwa si mjinga. Fedha ni za msimu, mtoto anakua, na viatu vikubwa vimekuwa vikinunuliwa kwa hesabu hiyo hiyo tangu zamani. Lakini kiatu kikubwa huwekewa pamba mbele. Baiskeli kubwa humwacha mtoto akipenyeza mguu chini ya mtalimbo, mwili umepinda upande mmoja, kwenye barabara yenye malori.

Njia ya katikati ipo. Nunua fremu ambayo mtoto ataimudu sasa na bado itamfaa baada ya miaka mitatu, halafu ubadilishe vipande vidogo kadiri anavyokua. Baiskeli ya kike, isiyo na mtalimbo wa juu, yenye matairi ya inchi 24 au 26, inamfaa msichana na mvulana pia. Mvulana atakayeona aibu aambiwe ukweli kwamba baiskeli hiyo inapandwa na kushukwa kwa haraka hata ikiwa na mzigo. Anza na mikono mifupi na siti ya chini. Akirefuka pandisha siti, na akifika kimo cha mtu mzima badilisha mikono. Mikono ya pedali ni sehemu ndogo ya gharama ya baiskeli nzima.

Kipimo cha fremu ni rahisi. Mtoto asimame ameiweka baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikiwa chini kabisa. Kama mtalimbo unamgusa, fremu hiyo ni kubwa, na hakuna mkono wa pedali utakaoirekebisha. Mtalimbo wa baiskeli ya inchi 28 mara nyingi huwa juu zaidi ya sentimita 80 kutoka ardhini. Mguu wa ndani wa mtoto wa sentimita 140 kwa kawaida haufiki 70.

Ukifika kwa fundi

Fundi atakukaribisha, "Karibu mayu, baiskeli ina nini?" Usiseme tu kwamba mtoto haimudu. Sema hivi: "Shikamoo fundi. Mtoto wangu ana sentimita 145, naomba tupime mikono ya pedali." Mazungumzo yatabadilika hapo hapo.

Geuza mkono utazame upande wa ndani, karibu na tundu la pedali. Kwenye mikono mingi kuna namba imegongwa: 152, 165, 170 au 175. Hizo ni milimita. Kama hakuna namba, pima kwa futi.

Uliza mikono imefungwaje. Baiskeli za kizamani hufungwa kwa pini ya chuma inayogongwa kwa nyundo na kukazwa nati. Nyingine zina ekseli ya pembe nne yenye bolti, na nyingi za watoto zina chuma kimoja kilichokunjwa kinachopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Aina hizi haziingiliani, kwa hiyo nenda dukani na mkono wa zamani mfukoni. Kwa aina nyingi, mkono wa kulia huuzwa pamoja na gia ya mbele. Hapo unaweza kuchagua yenye meno machache.

Mikono yote miwili ilingane. Fundi aliyepata wa kushoto tu atakushawishi uondoke nao, lakini mguu mmoja kuzungusha duara dogo na mwingine duara kubwa kunaumiza nyonga na mgongo. Kama ni ya pini, hakikisha pini mbili zimeingizwa kwa kupishana, moja ikielekea upande mmoja na nyingine upande wa pili. Zikielekea upande mmoja, pedali hazitakaa kwenye mstari ulionyooka.

Mkumbushe pia kwamba pedali ya kushoto hufungwa kinyume na ya kulia. Kijana anayejifunza ufundi akiilazimisha ataharibu nyuzi za mkono mpya siku hiyo hiyo.

Usikubali mkono ukatwe na kuchomelewa ili uwe mfupi. Uzito wote wa mtoto huangukia pale kila anaposimama kwenye pedali. Kiungo kikiachia kwenye mteremko, mtoto ataanguka bila onyo. Bora kusubiri gulio lijalo upatikane mkono sahihi.

Siti ndiyo ya mwisho kupangwa

Mikono ikishafungwa, panga siti upya. Mtoto akae katikati, mtu mwingine aishike baiskeli. Pedali moja iwe chini kabisa, mtoto aweke kisigino juu yake. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Akihamishia mguu kwenye sehemu pana ya mbele ya unyayo, ambayo ndiyo ya kukanyagia, goti litakunjika kidogo. Hapo siti iko sawa. Usivuke alama ya mwisho iliyochongwa kwenye bomba la siti.

Mtoto anayeanza kujifunza aachiwe siti chini kidogo hadi azoee kusimama na kuteremka. Kisha muangalie kwa nyuma akiendesha hatua mia moja. Kiuno kikitulia, kazi imekwisha.

Goti likiuma

Maumivu ya mbele ya goti yanayokuja akiendesha na kutulia akipumzika mara nyingi hupungua baiskeli inaporekebishwa. Mpumzishe siku chache, punguza mzigo kwenye keria, kisha aanze taratibu.

Lakini si kila goti linaloumwa ni la kulaumiwa baiskeli. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye watoto wengi wenye selimundu nchini, na ugonjwa huo huuma kwenye mifupa na viungo. Kama maumivu yanakuja hata siku ambazo mtoto hajaendesha, yanamwamsha usiku, yana homa, au unaona macho ya njano, mpeleke kituo cha afya akapimwe. Vivyo hivyo kwa goti lililovimba au mtoto anayechechemea baada ya mapumziko.

Jumapili jioni, kabla ya wiki ya shule kuanza, dakika 10 zinatosha. Shika mikono yote miwili ya pedali uitikise. Ikicheza, ikazwe kabla haijaliwa. Tia mafuta kwenye cheni. Mara moja kila muhula msimamishe mtoto ukutani palepale kwenye alama ya zamani. Akiwa amezidi sentimita mbili au tatu, siti ipande kidogo. Akiwa amezidi 10, ni wakati wa kumwona fundi tena.